Kidonda Chao Kiko Wapi

Muhuri wa chama tunauweka kwenye kopo la maziwa ya unga,
ofisini Kirumba, juu ya duka la nyavu.
Mimi ndiye mtunzaji. Nikisafiri, kopo husafiri nami.

Jaji aliuliza, "Ninyi ni nani katika jambo hili?"
Si kwa ukali. Alivua miwani, akaifuta.
Wakili wa serikali alikuwa keshasema yake:
gazeti lililofungwa lina mwenyewe,
mwandishi aliyelala ndani siku kumi na moja ana jina;
hawa, waheshimiwa, hawajaguswa hata ukucha.
Kidonda chao kiko wapi?

Kidonda kiko Ukara, mheshimiwa.
Kinauza barafu, na kikisikia pikipiki usiku
kinazima taa.
Lugata aliandika habari moja tu, ya mizani ya Mwaloni,
jinsi kilo inavyopungua kati ya ndoo na kalamu.
Tulimpelekea karatasi atie sahihi.
Alizisoma zote, akatukaangia sato,
akaturudishia safi kama zilivyokwenda.

Haya sikuyasema.
Wakili wetu, Bi Kokugonza, alinikanyaga mguu akainuka yeye.
Akahesabu siku: sitini zinaruhusiwa, tulifika ya hamsini na nane.
Mlango wa mahakama ile nyingine, hapa hapa Arusha,
nchi yetu imeshachomoa ufunguo.
Umebaki huu.
"Na Mkataba unasema mtu," alisema,
"haukusema mtu mwenye damu."

Jaji mmoja aliandika kitu. Mwingine alitazama saa.
Uamuzi mtaarifiwa.

Nilishuka Nyegezi alfajiri, shingo imekauka,
kopo mapajani lilikuwa limeniachia duara kwenye sketi.
Nikapitia Mwaloni.
Nyanjige alinifungia dagaa kwa karatasi ya daftari la mtoto:
hesabu za kujumlisha, mkasi wa wino mwekundu juu ya saba.
"Magazeti siku hizi hayaji," akasema.
"Zamani nilikuwa nasoma huku nafunga.
Ile ya mizani niliisoma vipande vipande,
mwisho wake akaondoka nao mteja."

Akaniuliza iliishaje.

Nikafungua mdomo.
Mshale wa mizani ulitetemeka, ukapita, ukarudi,
ukasimama pale ulipotaka.
Tuliutazama wote wawili,
na hakuna aliyetuuliza sisi ni nani.