Tetesi za Toleo la Saba

Alhamisi, chini ya nyumba ya Thurlow, mjini Duluth,
theluji imeziba kidirisha hadi kope
na tanuri linakohoa kama linalotaka kuchangia mada.
Habari imeingia na Oddny, hata koti hajavua:
wanatoa Toleo la Saba.
La Sita bado tunalilipia.

Basi mchezo ukasimama. Joka lililokuwa limeachama,
tayari kututapikia moto juu ya mnara,
likabaki vivyo hivyo, kinywa wazi,
kama mgonjwa aliyesahauliwa na daktari wa meno.

Laszlo anaapa dadu ya pande ishirini inastaafu.
Badala yake italetwa ya upande mmoja.
"Huo si mpira?" nikauliza.
"Ni mpira. Lakini utauzwa dola arobaini."

Oddny kasikia mchawi atalipia umeme kila akirusha radi,
mita kiunoni, bili mwisho wa mwezi;
shujaa atapata goti bovu akifika daraja la tatu
(hapo Thurlow akalipapasa lake);
na mifupa itembeayo makaburini imeunda chama cha wafanyakazi,
haipigwi tena baada ya saa kumi na moja jioni.

Na mwizi je?
Mwizi ataomba kibali. Nakala tatu, zenye mhuri.

Lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja na bei mpya.

Thurlow peke yake hakutia neno.
Yeye ana Toleo la Kwanza, jalada limeshikwa kwa selotepu,
ukurasa wa arobaini na mbili una doa la supu ya njegere,
supu ya marehemu mkewe, Philippa,
aliyekuwa akicheza na bakuli mapajani.
Doa limeifunika yote sheria ya kuanguka kutoka juu.
Kwa hiyo kwetu, tangu mwaka themanini na tatu,
hakuna aliyewahi kufa kwa kuanguka.

"Hilo doa," akasema, "watalitia?"

Tanuri likakohoa. Laszlo akakuna kidevu.
"Labda kwenye chapa ya wakusanyaji."

Ndipo Oddny akavua koti, akalitundika,
akalitazama lile joka lenye subira,
akatazama chini, ghorofa tisa za mawe na giza.

"Naruka," akasema.

Hakuna aliyeomba dadu.