Mkono wa Nibia

Ghala la sufu la Urrutia, nje kidogo ya Salto, kule Uruguay,
mwezi wa Novemba, bati linatoa jasho.
Wanaume sita wamekaa juu ya marobota
wanapokezana kibuyu cha majani machungu
na mrija wa chuma. Kinywaji hicho kwao huitwa mate,
na wewe usicheke:
wanalitamka kwa heshima, kama sisi kahawa.

Nibia Larrosa hanywi akiwa kazini.
Mikono yake inanuka kondoo,
laini kuliko ya bibi harusi.
Tangu akiwa na miaka kumi na minane
mafuta ya sufu yamemla mistari ya kiganja,
na ofisi ya vitambulisho ilimrudisha mara mbili
ikidai hana alama za vidole.

Lakini vidole hivyo visivyo na alama
hushika kishungi, hukivuta karibu na sikio, husikiliza
(sufu nzima hulia ting', mbovu hukatika kimya)
na hujapepesa jicho ameshatamka: hii ya kwanza.
Hii ya tatu. Hii iliona njaa mwezi wa Julai,
ona hapa ilipokonda.

Mwaka ule wa ukame, njaa ilikuwa ndani ya kila uzi.
Mkataba ulisema daraja la kwanza,
na Urrutia si mtu mbaya, hilo lieleweke.
Ndiye aliyelipia mazishi ya mama yake Nibia.
Alikuja mwenyewe, kofia mkononi,
akasema kwa upole: Andika ya kwanza.
Marobota arobaini tu. Huko yaendako, nani atafungua?
Funika kombe mwanaharamu apite.

Heber, karani, alikuwa ameshaandika.
Ana watoto watatu,
na kalamu yake imejifunza kutangulia.
Wale sita juu ya marobota walimeza mate,
na hapa nasema yale ya kwetu.

Nibia hakupiga meza.
Alizamisha mkono katika robota la kwanza
hadi kiwiko, kama mkunga,
akatoa kishungi, akakipeleka sikioni pa Urrutia,
akakivuta.
Kimya.
La pili, kimya. Wakafika la kumi na moja,
jua likihama tundu hadi tundu la bati,
mwanamke na tajiri wake, mashavu karibu kugusana,
wakisikiliza vitu visivyolia.

"Kuandika, andika," alisema. "Karatasi ni yako.
Muhuri ndio una jina langu,
na jina ndilo pekee
ambalo mafuta haya hayajanifutia."

Ningependa kukuambia kwamba Urrutia alitubu.
Alivaa kofia yake.
Sufu iliondoka kwa muhuri wa kijana mmoja wa Paysandú,
kijana mwenye haraka.
Hakuna aliyefungua. Hakuna aliyelalamika.
Msimu uliofuata Nibia hakuitwa.

Siku hizi anapambanua sufu za wafugaji wadogo,
gunia baada ya gunia, katika gereji ya shemeji yake.
Malipo ni jibini, ni kuni, mara mojamoja fedha,
na goti la kushoto linamsumbua kukiwa na baridi.
Watunzi wenzangu wanagombania mizani ya mshororo;
mimi, tangu nipate habari zake,
neno nikilitilia shaka nalivuta karibu na sikio.
Mengi hukatika.

Jumamosi Heber huja na chupa ya maji moto.
Hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hasemi kitu.
Juzi aliokota kishungi sakafuni,
akakivuta sikioni, vibaya, kama mtoto.
"Hii?" akauliza.
Nibia hakugeuka.
"Wewe umesikia nini?"
Heber akakitazama kile kishungi,
akakivuta tena.