Mengineyo

Jumamosi, saa nne na robo, darasa la kuazima pale Ilala,
madawati ya watoto, magoti yetu yanagonga mbao.
Akidi imetimia: wapima macho kumi na tisa.
Mimi mweka hazina, kitabu cha stakabadhi mkononi,
natazamwa kama mgambo wa jiji.

"Elfu thelathini! Chama kinanipa nini?"
Huyo Kiswigo, mwenye duka la miwani Kariakoo.
Huuliza kila mwaka, kisha hulipa nusu.

Tukapita kwenye yatokanayo:
barua ya wizara haijajibiwa;
wauza miwani wa Mtaa wa Kongo
wanampa mtu jozi kumi ajaribishe kama ndala,
itakayomkaa ndiyo macho yake.
Tukalaani. Tukaunda kamati ndogo. Tukanywa soda.

Ikabaki mengineyo,
ajenda ya watu walioshika funguo tayari.
Akasimama Akwilina wa Mbagala.

"Alinijia mama mmoja, fundi cherehani wa Mtoni.
Kusoma hajui, nikamwonyesha ile E:
miguu yake inaelekea wapi?
Juu. Chini. Dirishani. Mlangoni.
Zote alipata.
Nikampa miwani ya kutungia uzi, akaniombea dua, akaenda.
Presha ya jicho sikumpima.
Mashine yangu ilikufa tangu mfungo.
Niliona haya kusema,
nikaona haya kuazima.
Juzi kaletwa, kashikwa mkono.
Anauona mlango kama mtu achunguliaye tundu la ufunguo,
pembeni kote kumefungwa.
Sikuona, jamani.
Mimi ninayelipwa kuona."

Feni ikalia peke yake.
Mwenyekiti akatafuta kalamu iliyokuwa kidoleni mwake.
Nikajua sasa watamtafuna,
maana kutafunana tunakuweza.

Kiswigo ndiye aliyekohoa.
"Yangu ni ya mkononi, inaingia mfukoni.
Jumanne huwa siitumii. Njoo uichukue."
Kisha, chini chini, kama anayeiambia soda yake:
"Wa kwangu alikuwa dereva."

Zamoyoni akainamisha kichwa: wa kwake, mwalimu.
Halafu mwingine. Halafu nyuma kule, mwingine.
Katibu akauliza, "Haya niyaandike?"
Tukatazamana, sisi wenye lenzi za kila namba.
Kinyozi hajinyoi;
kisogo chako nakiona mimi,
changu kakione wewe.

Muhtasari unasema:
Wajumbe walikumbushana kupima presha ya jicho
kwa kila aliyevuka miaka arobaini.
Mashine tatu zitazunguka, ratiba imeambatishwa.
Kikao kilifungwa saa saba.

Hausemi kwamba Jumatatu Akwilina alishuka Mtoni
na chupa ya matone mkobani,
ya kulinda kile kitundu kilichosalia,
akasimama kwenye kizingiti cha yule mama
na kumweleza kosa lake, neno kwa neno,
cherehani ikiwa imenyamaza.
Wala hausemi yule mama alijibu nini.
Hatujamuuliza.

Ada ya Kiswigo, hadi leo, nusu.