Digrii Nne

Ndau kitu cha baridi ni kimoja tu:
jokofu la zahanati, kimo cha mtoto wa chekechea.
Mchana linakula jua la juu ya paa,
usiku linalamba betri.
Ndani mna surua, polio, pepopunda,
na kipimajoto ninachokisoma alfajiri na magharibi
nijaze fomu ya kaunti kwa wino wa bluu:
nne. Nne. Tano. Nne.

Vingine vyote vina siku zake.
Maji ya jabia yamebaki ya kuchota kwa kata.
Mtandao uko juu ya ukuta wa hilo hilo jabia,
simama kwa mguu mmoja, useme haraka.
Mwalimu wa hesabu alikwenda likizo ya Aprili;
hii ni Septemba.
Boti ya wagonjwa ina injini mpya,
petroli iko Lamu, inasubiri sahihi.
Mwanashee alijifungulia kwenye boti ya wanunuzi wa kamba,
baina ya Faza na dua.
Mtoto ni wa kike. Ana sauti.

Mwanatumu Bunu huja bila ugonjwa.
Hukaa benchini, akapangusa miwani kwa ncha ya leso.
"Yeo ni ngapi?"
Nne, bibi.
"Kama kwa Shali."

Shali, mwanawe, ni mpishi wa kiwanda cha samaki
huko juu ya ramani ambako rangi huisha,
kisiwa cha watu mia mbili, na daktari
huja kwa ndege, ukungu ukipenda.
Alimtumia sauti: Mama, leo jua limetoka,
digrii nne, watu wamevua makoti.
Duka moja, skuli moja,
kila mtu anajua nani anakohoa.
Ni Ndau hii hii, mama,
ila imesahauliwa nje usiku.

Jana aliniomba.
Nikamwambia mlango haufunguliwi ovyo,
kuna kanuni, imebandikwa hapo, ina muhuri.
Akaisoma yote, kwa kidole.
Akabaki amekaa.

Nikafungua.
Akatia mkono hadi kiwiko baina ya vichupa vya surua.
Nikaanza kuhesabu, moja, mbili,
akanikataza kuhesabu.
Alipoutoa hakuupangusa.
Aliuweka shavuni, kisha shingoni,
akaufunika kwa buibui, akaondoka nao
kama mtu aliyebeba yai.

Magharibi kipimajoto kilisema sita.
Fomu ina safu ya sababu.
Mbingu ilikuwa safi kutwa nzima.
Niliandika: mawingu.