Nyuzi

Kifaa kimekaa juu ya friji,
kiduara cha kijivu, mfano wa mkate wa kumimina
uliosahauliwa jikoni usiku kucha.
Hashimu alikileta mwezi wa tatu, ndani ya soksi zake za sufu,
akakipa jina Sikia,
akanifundisha namna ya kukiamrisha.

Mimi siwezi kumtuma mtu kabla ya kumsalimu.
"Sikia, umeamkaje?"
Kimya.
"Haya basi, Sikia, shikamoo."
"Samahani, sijaelewa."
Somoe Nantende, aliyekuja kupima gauni,
alicheka mpaka pini zikamchoma.

Chuno, mwezi wa kumi na moja.
Korosho zimeuzwa, hela iko mikononi, watu wanashona.
Cherehani inanguruma tangu alfajiri,
bati linaalika kwa jua,
na harufu ya ming'oko ya kuchemsha inaingia dirishani
bila hodi.
Hapo ndipo nafunga dirisha, nasema polepole
kama mwalimu anayesoma imla:
Sikia. Weka nyuzi ishirini na mbili.
Kinaitika.
Ubaridi unanishuka shingoni
kama kiganja cha mtu aliyetoka kunawa.

Dakika kumi hazijatimia: tii.
Ishirini na saba.
Sijasema neno, mimi.
Ni yeye, aliyeko Bergen,
anahesabu uniti za LUKU yangu kwenye simu yake
akiwa amevaa makoti mawili.

Tumeoana miaka kumi na moja,
na tangu mwezi huo wa tatu tunagombana kwa nyuzi.
Mimi ishirini na mbili. Yeye ishirini na saba.
Mimi ishirini na tatu, nimelegeza, ajue nina adabu.
Yeye ishirini na sita.
Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyenuna.
Ukitazama zile namba zinavyopanda na kushuka ukutani
utadhani kiyoyozi kibovu;
kumbe ndoa.

Nikamwambia: kama wewe unaiona nyumba yangu,
na mimi niione yako.
Akasita siku mbili. Akanitumia nywila.
Chumba kimoja, hita moja chini ya dirisha.
Alfajiri hii nimekifungua chumba chake kwenye simu.
Kwangu adhana imekwisha, kwake saa tisa za usiku:
nyuzi kumi na mbili.
Kumi na mbili!
Mwanamume wa Nanyamba, aliyelelewa na jua
hata kivuli akikiona ni anasa,
amelala ndani ya kumi na mbili
ili aninunulie uniti
za kubishania.

Nilikuwa napinda shati la sare, kola haijakaa.
Mguu ukaganda juu ya kanyagio.
Nikanong'ona, ingawa humu ndani hakuna wa kumwamsha:
"Sikia. Weka nyuzi ishirini na moja."
"Nyuzi zipi?"
Swali la haki.
Nyumba hii ina nyuzi hadi kwenye sukari:
nyeupe, nyeusi, ule wa zambarau wa gauni la Somoe,
vipande vilivyoning'inia kwenye kanga yangu.
"Za Bergen," nikasema. Mdomoni ikatoka Bageni.
Kikaelewa hivyohivyo.

Asubuhi hakusema lolote. Wala mimi.
Ila saa sita, jua likiwa utosini: tii.
Ishirini na mbili.
Sikuigusa. Nilishona mashati manne bila kufuta jasho,
na la tano nilikuwa katikati ya mkono wa kushoto
uniti zilipokwisha.

Sikia akazimika na taa yake ndogo.
Joto likarudi kama mwenye nyumba aliyetoka sokoni.
Nikafungua dirisha. Cherehani yangu ni ya mguu,
haidai umeme kwa mtu.

Saa kumi simu ikatetemeka kwenye meza ya kukatia:
tarakimu ishirini,
bila hujambo, bila habari za kutwa,
kama anavyozungumza na Sikia.
Nikaziingiza moja moja.
Kisha nikamwandikia salamu, ndefu,
aitikie yote.