Mshika Simu

Mimi ndiye mkono usioonekana.
Siku tano za kampeni, sheria imetupa tano tu,
nimemshikia dada yangu simu
hadi kidole gumba kikafa ganzi hapa Mukaizawa,
mji ambao mwezi wa nne theluji bado ina kiburi,
shule imefungwa kwa kukosa watoto
na kengele yake imebaki ukutani kama jino la mwisho.

Honami ana miaka ishirini na sita.
Anagombea udiwani, viti ni kumi.
Wenzake wana magari yenye vipaza sauti,
glavu nyeupe za kupungia dirishani
na majina yaliyozoeleka kama kikohozi cha jirani.
Sisi tuna simu. Kioo kina ufa. Chaji, asilimia arobaini.

Alicheza mbele ya posta: watazamaji elfu tatu.
Alitafuna figili za moshi huku akieleza bajeti ya barabara,
mdomo umejaa: elfu kumi na tisa.
Osaka wakatuma mioyo.
Mtu wa São Paulo akaandika, ningekuwa huko ningekupa kura.
Ningekuwa.
Tulihesabu ningekuwa hadi usiku wa manane.
Wapiga kura wetu ni elfu mbili na mia tatu,
na wengi wao simu zao bado zina mkia ukutani.

"Mioyo haina anwani," nikamwambia.
Akajifunika blanketi. "Wala wewe huna adabu.
Kesho saa kumi na mbili."

Sheria hairuhusu kubisha hodi nyumba kwa nyumba,
lakini kituo cha basi hakina mlango.
Hapo tukamkuta Bi Tsuya, miaka themanini na minne,
anakwangua theluji kwenye kituo
ambacho basi halijasimama tangu majani yapukutike.
"Nasafisha," akasema, "ili likibadili nia
lisipate kisingizio."

Honami akaanza hotuba, macho kwangu.
"Unaongea na nani, mwanangu?"
"Na watu, bibi."
"Na mimi?"

Akampa sepetu. Akatoa la pili nyuma ya benchi.
"Na wewe mshika simu, Mungu kakupa mikono miwili."
Nikailaza simu juu ya theluji, nikasahau kuizima,
na kwa dakika arobaini ulimwengu ukatazama
anga la rangi ya majivu, basi,
ukasikiliza chuma kikigonga barafu
na wanawake wawili wakibishana.

"Lilikuwa linapita saa nane. Linanifikisha zahanati,
linanirudisha kabla ya giza.
Sasa naambiwa nipige namba, nibonyeze moja, nibonyeze tisa.
Goti langu halina kitufe."

Kule Kawasaki, jikoni mwa mkahawa wa tambi,
kijana Kazuma alikuwa anasugua masufuria.
Miaka miwili hakumpigia bibi yake;
aibu ni kama deni, huzaa riba ukiikalia.
Akaijua ile sauti kabla hajayajua maneno.
Akafuta mikono kwenye aproni.

Haya alitusimulia mwenyewe, baadaye,
akinilaumu kwamba video haikuonyesha kitu.

"Bibi, mpe kura yule wa sepetu."
Kwetu karatasi ya kura haitiwi alama;
jina unaliandika kwa mkono wako.
"Linaandikwaje?"
"Tumia herufi za kitoto, zinakubalika. Ho."
"Ngoja miwani."
"Na."
"Ngoja, wewe. Umekula?"
"Nimekula, bibi. Mi."

Kura mia moja tisini na nne.
Wa kumi kati ya kumi; aliyemfuata kapitwa kwa mbili.
Nikainua simu nipate machozi ya dada yangu,
lakini mbele yake alikwisha simama Bi Tsuya,
viatu vinachuruzika maji sakafuni mwa ukumbi.

"Hongera," akasema. "Na basi?"

Honami, ajibuye kila ujumbe kabla dakika haijaisha,
akanyamaza.
Nilikuwa bado narekodi.