Daftari la Wageni

Saa nne usiku, Kileleshwa, stima imepotea.
Nashuka ghorofa tano na ramani zangu kwapani
kwa kuwa kibanda cha Lesingiran kina taa ya sola,
na chai ya rangi kwenye chupa, na kiti cha pili
kisicho na mgongo.

Miezi minane sasa naandika kitabu cha njia:
majabali ya kaskazini, kule kwenye miiba na upepo,
wapi pa kushika, wapi pa kugongomea chuma,
kamba mita ngapi, maji lita ngapi,
nani alitangulia, mwaka gani.
Ncha za vidole vyangu bado zinambuka.
Jiwe la kule ni msasa.

"Milima ya Ndoto," anasoma kwenye jalada.
Nikamwambia nalipenda jina hilo, kama la usingizini.
"Neno ni la kwetu," akasema.
"Halina usingizi ndani yake."

Namwonyesha picha. Ukuta mwekundu, alfajiri,
nyuzi zangu za wino zimeukata juu hadi chini.
"Huu tuliupanda Februari, mimi na Wairagu.
Siku mbili. Usiku tulilala tukining'inia kama popo.
Njia tumeiita Deni la Sako.
Sisi ndio wa kwanza."

Honi getini. Anainuka, anamulika,
anaandika: jina, kitambulisho, nyumba namba ngapi,
saa ya kuingia.
Anarudi, anaketi, anaweka ukucha wa gumba
pale penye ufa, palepale
ambapo Wairagu alilia kidogo
tukakubaliana tusimwambie mtu.

"Hapa shangazi yangu hupita na moshi.
Nyuki wako huku, nyuma ya bega.
Hupanda pekupeku, mfuko wa ngozi mgongoni,
na akifika hapa huvua shanga zote
huzishika kwa meno,
zisije zikagonga jiwe zikawaamsha."

Nina kalamu mkononi. Nauliza ugumu wake,
kwa mizani ya kina shangazi.
Anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei.
"Mwaka wa mvua, wastani.
Mwaka wa ukame ni rahisi zaidi.
Njaa ina vidole."

Kisha anageuza daftari la wageni,
ukurasa wa Machi, na kwa biki ya buluu
anachora mlima juu ya majina ya watu:
njia ya asali inaanzia kwa fundi wa mabomba,
inapita kati ya mgeni wa nyumba namba saba,
njia ya mbuzi aliyepotea inakatiza
safu ya saa ya kuingia,
na mtoto mmoja, "huyo ni mimi," amekwama
karibu kabisa na saa ya kutoka.
Ananiambia shangazi hupiga simu Jumapili
kuuliza, huko Kenya kukoje?
Yeye humjibu, kuna kuta nyingi
na zote zina milango.

"Na huu?" Natoa picha niliyoificha chini,
mwamba niliouweka wa Desemba,
laini, mrefu, bila hata kovu.
Anaitazama. Anafunika biki.
"Huo hauna njia."
"Haujapandwa?"
"Sikusema haujapandwa."

Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa hivyohivyo.
Stima iliporudi mtaa mzima ulipiga kelele
kana kwamba kuna aliyefunga bao,
na mimi nikapanda ngazi, moja moja,
nikiupapasa ukuta ingawa taa ziliwaka.

Mezani nilifuta: *wa kwanza*.
Nikaandika: *shangazi yake Lesingiran*.
Nikafuta. Mtu hupanda na jina lake,
nami sikuwa nimeuliza.

Asubuhi nimeshuka mbio, viatu mkononi.
Kibandani kuna askari mwingine, kijana, kofia imemzidi.
Lesingiran amepelekwa lindo jingine, hajui wapi.
Ule ukurasa wa Machi umerudishwa chini ya mingine.
Namweleza kwamba mimi ni mkazi, naishi hapa,
miaka minne, ghorofa ya tano.

Ananisukumia daftari, kwa adabu.
"Sawa, madam. Andika jina."